Sekunde Mia na Nane

Siku ile Bwana Saa aliponiambia niandike mimi, ningeweza kusema hapana. Neno lenyewe nilikuwa nalijua. Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimelitumia kumkatalia mpishi wake kikombe cha pili cha chai. Lakini yeye alikuwa kitandani, shuka hadi kidevuni, anakohoa, na ndege ya barua ilikuwa inaondoka Nairobi kesho yake, na kwenye karatasi kulikuwa na nafasi tupu ya sekunde mia moja na nane. Nikasema, "Ndiyo, bwana." Nikachukua kalamu.

Mwezi uliopita nilirudisha funguo za studio. Ninyi vijana mlionipigia makofi na kunipa saa ya ukutani mliniomba niandike jinsi nilivyoingia katika kazi hii ya kunakili na kupanga muziki. Wengi wenu mnadhani nilianza na kwaya za kanisa. Hapana. Nilianza na filamu za Kifaransa ambazo sikuziona, katika nyumba ya mabati huko juu Bahati, miaka ya hamsini. Nitaeleza kwa utaratibu kadiri ninavyoweza, maana mambo mengi ya wakati ule sikuyaelewa yalipokuwa yakitokea, na mengine sijayaelewa mpaka leo. Habari za vyeo na mshahara sitaziandika. Mnazijua, na hazichekeshi.

Nilizaliwa Bungoma, nikalelewa Nakuru kwenye landi, yale makazi ya wafanyakazi wa reli. Baba alikuwa fundi wa breki za mabehewa. Alinirudisha magharibi kusoma sekondari ya misheni, na huko nikafundishwa kuimba kwa herufi zile za do, re, mi, ambazo kwaya zenu bado zinazitumia. Nilikuwa naongoza sauti ya tatu na nilijiona najua muziki wote uliopo duniani. Nilipomaliza shule nikarudi landi, nikakaa miezi kadhaa nikingoja kazi ya ukarani kama kila mtu.

Kazi iliyokuja haikuwa hiyo. Jumapili moja alikuja Bwana Kaetano, Mgoa aliyekuwa karani wa reli pamoja na baba na aliyekuwa akipiga fidla kwenye harusi za watu wake. Alisema kuna Mfaransa Bahati anayetunga muziki wa filamu, anahitaji mtu wa kunakili, na yeye Kaetano amekuwa akimsaidia siku za mapumziko lakini macho yamechoka. Akauliza kama kuna aliyesoma ambaye anaweza kusoma noti. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza kusema.

Basi Jumatatu nikapanda baiskeli. Njia ya Bahati ni mlima, Menengai ikiwa mkono wa kushoto, na upepo wa kutoka ziwani ulikuwa unanisukuma mgongoni na vumbi lake la magadi. Ilikuwa wakati wa hali ya hatari, hivyo nilikuwa na barua ya ruhusa mfukoni. Askari wawili walinisimamisha. Barua waliielewa. Walichoshindwa kuelewa ni karatasi za muziki alizonipa Bwana Kaetano nizitazame kabla ya kufika. Mmoja alizigeuza juu chini, akaniuliza hii ni lugha ya nani na nukta hizi zinamwambia nani nini.

"Ni muziki, afande."

"Muziki hauandikwi. Muziki unaimbwa."

"Huu umeandikwa, afande."

"Basi imba."

Ukweli ni kwamba sikuweza kuzisoma. Nikaimba wimbo wa kanisa huku nikifuata nukta kwa kidole, kama vile namsomea gazeti. Alinisikiliza mpaka ubeti wa pili, akasema ni mbaya lakini hauna hatia, nikapita. Hivyo kabla sijafika kazini nilikuwa nimeshadanganya mara mbili juu ya noti.

Sasa huyo Mfaransa. Jina lake sitaliandika, sababu mtaiona mbele. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, kifua kibovu. Madaktari wa kwao walimwambia atafute hewa kavu ya juu, na kwa kuwa dada yake alikuwa ameolewa na mkulima wa pareto huko Bahati, alikuja kukaa miezi sita. Alikaa miaka saba. Wafanyakazi wa shamba walimwita Bwana Saa kwa sababu shingoni alikuwa anavaa saa kubwa ya chuma, ya kupimia mbio, na kila alipofanya jambo lolote, hata kuchemsha yai, ungeisikia ikilia tik. Kiingereza chake kilikuwa kibaya kuliko changu, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili alichokiokota jikoni kwa dada yake.

Aliniuliza kama najua noti. Nikasema najua. Akanipa ukurasa ninakili sehemu ya fidla ya kwanza, akatoka kwenda kupiga kinanda chumba cha pili. Niliutazama ukurasa ule kwa muda mrefu. Baadaye nikaamua kwamba labda anataka kile ninachokijua, nikasikiliza alichokuwa anapiga, nikakiandika kwa herufi zangu za do, re, mi, kwa mwandiko mzuri wa shule, vistari na nukta mahali pake. Aliporudi aliishika karatasi mbali na uso, kisha karibu, kisha mbali tena.

"Hii nini?"

"Ni muziki, bwana."

"Hii barua ya mama yako."

Hakunifukuza. Alicheka hadi akakohoa, akakohoa hadi akakaa chini, halafu akaniambia nirudi kwa Bwana Kaetano kwa wiki sita na nisirudi kwake kabla ya hapo.

Kila kitu cha mkono nilichowafundisha ninyi kimetoka katika wiki zile sita, kwenye veranda ya Bwana Kaetano. Alinifundisha mistari mitano na funguo zake. Alinifundisha kukwangua kosa kwa wembe na si kulifuta kwa raba, kisha kusugua mahali pale kwa ukucha ili wino usitapakae. Alinionyesha kalamu ya shaba yenye midomo mitano, inayochora mistari yote mitano kwa mkupuo mmoja, kwa sababu karatasi za muziki kutoka Nairobi zilikuwa zinaisha kila mara. Alinikataza kuweka chai kwenye meza yenye wino. Na alinifundisha klarineti, si kuipiga bali kuiandikia, jambo ambalo lilinitia homa: unataka sauti hii, unaandika sauti nyingine iliyo juu yake, na mpigaji anaisoma hiyo ya pili na kutoa ile ya kwanza.

"Kwa nini wasiandike inayosikika?" nilimuuliza.

"Zaki, mimi nimeandikia klarineti miaka ishirini," akasema. "Swali hilo niliacha kuliuliza mwaka wa tatu. Andika."

Nikarudi Bahati, nikaanza kazi kweli. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila baada ya siku chache ilikuja bahasha kutoka Ufaransa. Ndani hamna picha, hamna hadithi, ni orodha tu. Sekunde ya kwanza, mlango unafunguliwa. Sekunde ya kumi na nne, mwanamke anageuka. Sekunde ya thelathini na saba, gari linaondoka. Bwana Saa alikuwa anaketi kwenye kinanda, saa shingoni, anatunga muziki wa kujaza sekunde hizo, na mimi naandika sehemu za kila mpigaji, kisha tunafunga, na dereva wa shamba anapeleka posta. Filamu yenyewe sisi hatukuiona. Huko kwao wanamuziki walikuwa wanapiga huku picha inapita mbele yao, na sisi tulikuwa Bahati tunatazama pareto.

Na zilikuwa nyingi. Wino wa filamu moja ulikuwa haujakauka na bahasha ya nyingine imeshafika. Watu wa kwao walimpenda kwa sababu hachelewi. Alikuwa na sanduku la mbao lenye kadi, na kila kadi ina kipande cha wimbo na neno moja juu yake: Huzuni, Mbio, Mvua, Busu. Akikwama anavuta kadi, anabadilisha ufunguo, anaongeza fidla, imekuwa mpya. Siku moja nilichanganya bahasha, muziki wa mvua ya filamu ya vita ukaenda kwenye filamu ya harusi. Nilikaa wiki mbili sili vizuri. Barua ilipokuja ilikuwa ya pongezi, eti harusi ile imekuwa na hisia za ajabu. Bwana Saa alinitafsiria huku akinitazama juu ya miwani. Mimi nilicheka nikijua nimeokoka. Nilipaswa kuogopa. Barua ile ilikuwa imenieleza wazi kwamba kitu unachokipeleka huko kinaweza kuwekwa popote, nami sikuisikia.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, nyumbani.

Nilikuwa na dada, Nekesa. Alikufa kwa surua landi, akiwa na miaka minne, mimi nikiwa na tisa. Wakati ule haikuwezekana kumsafirisha Bungoma. Baba aliomba nafasi kwenye gari moshi, akaambiwa hapana, tukamzika Nakuru kwenye makaburi ya nyuma ya landi, kwa watu tusiowajua. Miaka michache baadaye eneo lile lilisawazishwa kujengwa mabohari. Baba alikwenda kutafuta mahali akakuta kokoto. Mama hakwenda. Mama alikuwa na wimbo.

Alikuwa ameutunga mwenyewe, kama wanawake wa kwetu wanavyowatungia wafu wao, lakini huu haukuwa wa matanga. Aliuimba akichambua maharagwe, mchana, miguu ameinyoosha kwenye mkeka. Anaimba mstari mmoja, ananyamaza. Kisha anaita jina kwa sauti ya chini, "Nekesa," kama mtu anayemwita mtoto aliye chumba cha pili. Kisha anangoja. Alikuwa anangoja kweli, mikono imetulia juu ya ungo. Kisha mstari unaofuata. Majirani waliujua, na wakati mwingine walimwitikia kutoka milangoni kwao. Hakuna aliyewahi kuuimba bila yeye kuanza.

Sasa rudini kwenye ile siku ya sekunde mia moja na nane. Bwana Saa alikuwa ameugua siku nne. Filamu nzima ilikuwa tayari isipokuwa pengo lile moja, na orodha ilisema: Mwanamke dirishani. Anangoja mtoto. Mtoto harudi. Aliniambia nivute kadi ya Huzuni. Nikamkumbusha kwamba kadi zote za Huzuni zimeshatumika kwa kampuni hiyohiyo mwaka ule.

"Basi wewe andika," akasema. "Wewe sikia mimi kila siku. Andika."

Nilikaa kwenye kinanda. Ndani yake kulikuwa na bakuli la maji ili mbao zisipasuke kwa ukavu, na nakumbuka jinsi maji yalivyotikisika nilipogusa sauti ya kwanza. Sikutafuta. Nilisoma tena maneno ya orodha na wimbo wa mama ukaja wote, umekamilika. Ningeweza kusema ulikuja wenyewe, lakini vidole vilikuwa vyangu.

Niliupima kwa saa. Ulizidi dakika tatu. Nikajua mara moja tatizo liko wapi, kwa sababu ndiyo kazi niliyofundishwa: kulikuwa na vimya vingi mno. Mahali pale anaponyamaza, anapoita, anapongoja. Nikavipunguza nusu. Bado ukazidi. Nikaviondoa kimoja kimoja, nikiunganisha mwisho wa mstari huu na mwanzo wa ule, na ulipofika sekunde mia moja na nane hakukuwa na kimya hata kimoja. Uliingia kwenye nafasi yake kama droo kwenye meza. Nawaambia kweli, nilifurahi. Fundi yeyote angefurahi.

Nilimpigia, mlango wa chumba chake ukiwa wazi. Kikohozi kilitulia.

"Nani nafanya hii?"

"Mimi, bwana."

Hilo ndilo neno lingine ambalo ningelirudisha. Angeniuliza ni wimbo wa nani ningekuwa na nafasi ya kusema kweli, lakini aliuliza nani ameufanya, na mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili niliyetoka kufanya jambo gumu. Akaniambia jina litakaloandikwa ni lake, kwa sababu huko wanataka jina moja tu. Nikasema sawa. Jina la mama halikutajwa hata kidogo, na aliyeliacha si yeye; ndiyo sababu jina lake nalo silitaji hapa.

Wimbo ulipendwa. Barua zilikuja, na Bwana Saa akautengenezea kadi, akaandika juu yake Dirisha. Baada ya hapo akawa anauvuta mara kwa mara. Niliupanga kuwa dansi ya kuzunguka, niliupanga kwa kinubi na filimbi, niliupanga kwa fidla moja peke yake. Kila filamu ilikuwa na sekunde zake na kila mara niliukata au kuuvuta upya. Nilikuwa nikienda nyumbani jioni nikimkuta mama anachambua maharagwe, anaimba, na nilikuwa nakaa karibu naye nikijisikia kama mtu mwenye siri nzuri. Nilipanga kumwambia siku moja kwa mshangao. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mshangao ulifika. Kampuni ilimtumia Bwana Saa zawadi, filamu ile ya dirisha, kwenye kopo la bati. Hakuna aliyefurahi kama yeye, maana naye hakuwa ameona kazi yake tangu aje. Akasema tuionyeshe landi, ukumbini, Jumapili mchana, na Bwana Kaetano ataazima mashine. Akaniambia, "Lete mama."

Tulitundika mablanketi madirishani. Landi nzima ilikuja. Mama alivaa kitambaa chake cha kanisani, akakaa kando yangu mstari wa pili. Nilimnong'oneza kwamba kuna mahali pa kusikiliza. Akasema, "Haya, baba." Alikuwa ananiita baba, kwa kuwa nilipewa jina la baba yake.

Mwanamke alikuja dirishani. Nilimjua mara moja ingawa sikuwahi kumwona. Nilikuwa nimeishi naye miezi mingi kwenye orodha. Aliweka mkono kwenye kioo. Nikangoja muziki, na hapakuwa na muziki wowote. Alisimama pale katika kimya kitupu, mtoto hakurudi, picha ikabadilika. Nilidhani mashine imeharibika. Niligeuka kumtazama Bwana Kaetano, naye akainua mabega. Nikaanza kuhesabu kichwani kama labda nilikosea namba ya ukurasa.

Kisha akatokea mtu mnene mwenye aproni, na bata. Bata alitoka dukani kwake na kitu mdomoni, mtu akamfukuza kwenye barabara ya mawe, akaanguka, akainuka, bata akageuka kumtazama, na wimbo wa Nekesa ukaanza. Ulikuwa wa klarineti mbili, kwa kasi maradufu, kila mstari umegongana na unaofuata bila pumzi, kama nilivyouunganisha mimi. Uliendana na miguu ya bata ajabu. Ukumbi ulicheka mpaka benchi zikalia. Nami, Mungu anisamehe, kwa sekunde chache nilicheka nao kabla sijajua nacheka nini.

Katika mstari wa pili mama aliweka mkono wake juu ya goti langu, kama mtu anayetaka kujishikilia. Katika mstari wa tatu akauondoa. Hakutoka. Alikaa mpaka filamu ikaisha, akamshukuru Bwana Saa kwa kumpa mkono, tukaanza kutembea kando ya reli kwenda nyumbani.

"Walikuwa wanacheka nini?" aliniuliza.

"Bata, mama. Yule mtu alikuwa anamfukuza bata."

"Bata." Tukatembea. "Na mahali pa kumwita umepaweka wapi?"

Nikamwambia hapakutosha. Nikamweleza juu ya sekunde, juu ya orodha, jinsi kila kitu lazima kiingie. Nilimweleza vizuri, kama ninavyowaeleza ninyi.

"Nani alisema hapatoshi?"

"Saa, mama."

Alinitazama kidogo. Kisha akaniuliza kama nitakula ugali wa mchana uliobaki au asonge mwingine. "Niambie sasa, Zakaria," akasema, "kabla sijawasha moto." Tangu siku hiyo nilikuwa Zakaria.

Hatukugombana. Alinipikia, alinifulia, aliniuliza habari za kazi. Lakini watoto wa landi waliushika wimbo ule wiki hiyohiyo. Walikuwa wanatembea kama bata kati ya nyumba, matako nyuma, wakiuimba kwa kasi ileile, na mama akiwa mlangoni na ungo wake. Hakuwafukuza. Alihamisha mkeka ndani. Sikumsikia akiuimba tena, na majirani pia hawakuuanza.

Nilimwendea Bwana Saa. Nilikuwa nimejiandaa kumlaumu, na nilitaka kujua nani amefanya hivi, yeye au watu wa kampuni, na kwa nini. Alisikiliza.

"Mimi natuma kwa dirisha," akasema. "Wao nakata, naweka kwa bata. Nani? Mimi hapana jua. Kila mara iko hivyo."

"Na bwana hukasiriki?"

"Mimi nafanya filamu mingi sana. Kama mimi nakasirika, mimi nakufa zamani."

Ndipo nikamwambia wimbo ni wa nani na ulikuwa wa nini. Alivua saa shingoni, akaiweka kwenye droo ya meza, akaifunga droo.

"Kwa nini wewe hapana sema?" aliniuliza. "Mimi nauliza wewe. Wewe nasema, mimi."

Alijitolea kuandika barua wasiutumie tena. Lakini tayari ulikuwa kwenye filamu nyingine nne, na zote nne zilikuwa kwa mwandiko wangu. Kadi ya Dirisha aliichana mbele yangu. Na bado, vijana, mwaka uliofuata alipokuwa mgonjwa tena na pengo likabaki, niliuandika mara mbili zaidi kutoka kichwani, mara moja kama machi, muziki wa gwaride. Hakuniomba. Muda ulikuwa mfupi na mkono ulikuwa umezoea. Sina maelezo mengine, na nimeyatafuta.

Bwana Saa aliondoka mwishoni mwa miaka ile, dada yake alipouza shamba. Aliniachia kalamu ya midomo mitano, ambayo mmeiona, na saa, ambayo hamjaiona. Mengine mnayajua: bendi, kisha kwaya, kisha studio hii. Kama mlijiuliza kwa nini miaka yote nilikuwa nagombana nanyi mnapopunguza kimya katika wimbo wa mtu ili uenee kwenye kanda, na kwa nini nilimtaka kila mwimbaji aseme mbele yetu wimbo ameupata wapi, sababu ni hizo. Mlidhani ni uzee.

Baada ya uhuru, mama alipokuwa amerudi Bungoma, nilikwenda na karatasi na penseli. Nilimwomba aniimbie mara moja tu, pole pole, niandike kila kimya kwa urefu wake. Alikuwa anamenya viazi. Hakuinua kichwa.

"Muulize mzungu wako," akasema. "Yeye ndiye anao."

Alipofariki, siku ya mazishi, shangazi aliniambia mbele ya watu kwamba mama anapaswa kwenda na wimbo wa Nekesa, na kwamba, kwa kuwa majirani wa landi walishatawanyika, aliyebaki anayeujua ni mimi tu. Wanawake wakakaa tayari kuitikia. Nikaanza. Mstari wa kwanza ulitoka, na kabla sijavuta pumzi wa pili ulikuwa umeshaingia, na wa tatu, kwa mwendo wa klarineti. Nilisimama. Nikaanza upya, nikatafuta mahali pa kunyamaza. Niliita "Nekesa" mahali ambapo nilidhani ndipo, na wale wanawake wakatazamana, hawakujua waitikie wapi, nikajua si hapo. Niliita tena mahali pengine. Shangazi alinishika kiwiko, na mtu mmoja nyuma akaanzisha wimbo wa kanisa ili kunisitiri.

Nimejaribu tangu hapo, kwa kinanda, kwa sauti, na ile saa mkononi. Sijui mama alingoja muda gani, wala kama alikuwa anaita kabla ya kunyamaza au baada yake. Kila ninapokaribia, bata anatokea. Dada yangu hana kaburi, mama hakuzikwa na wimbo wake, na mimi niliyeaminiwa nao ninao ule wa sekunde mia moja na nane tu. Wa mama sina, na hakuna mtu mwingine aliye nao.